Masta ya mawasiliano ya biashara nikiwa Mbeya: nisome ipi, na wapi?

Loleza_Binti

Wakuu, salaam.

Nina shahada ya kwanza ya isimu, GPA 3.2. Nipo Mbeya mjini, kwenye kampuni inayosambaza pembejeo. Mkataba unaniita ofisa masoko ila kazi yenyewe kutwa ni kuandika na kusema: barua za mawakala wa Mbarali na Tunduma, vipeperushi vya mbolea, majibu ya malalamiko ya wakulima, na bosi akialikwa kwenye kikao cha mkoa hotuba naandaa mimi. Nataka nisomee hiki ninachokifanya.

Mtandaoni nimeona vyuo vya nje vinavyotoa masta ya mawasiliano ya biashara kwa jina hilohilo, vingine bila hata kutoka nyumbani. Hapa kwetu naona zaidi mawasiliano ya umma na MBA, ile masta ya usimamizi wa biashara. Mume wangu anasema MBA ndiyo waajiri wanaielewa. Mwenye uzoefu ashushe nondo.

Waliokuja kuniambia nifuge kuku, wapite kimya.

Mwanjelwa_Fundi

Kuku hawaulizi GPA, dada yangu. Haya, nimepita.

Ila swali la kweli kabisa: masta nzima ya kuandika barua? Si tulimaliza barua rasmi kidato cha nne, anuani mbili na "Yah:" katikati?

Mnyalukolo_Asilia

@Mwanjelwa_Fundi ndiyo maana barua zako za kudai madeni hazijibiwi.

Kamwene wote. Naweka kambi hapa, nami nina mpango kama wa dada.

Mwl_Gangilonga

Nafundisha chuoni Iringa, kwa hiyo mnisamehe urefu.

Dada Loleza, mawasiliano ya umma yamejengwa juu ya vyombo vya habari: redio, gazeti, televisheni, sheria zake na hadhira yake. MBA imejengwa juu ya fedha, watu, masoko na uendeshaji. Mawasiliano mle ndani ni kozi moja, ukishaandika ripoti na kuiwasilisha mbele ya darasa umeagana nayo. Mawasiliano ya biashara yanashika kilichobaki katikati: mkubwa anasemaje na walio chini yake, kampuni inasemaje na wateja, wakopeshaji na serikali, mapatano yanafikiwaje, na likitokea balaa nani aseme, aseme nini, saa ngapi. Kule Marekani fani hii ilianza kwa walimu wa uandishi wa barua za biashara, wakaunda chama chao mwaka 1936. Utani wa Fundi una mizizi, basi.

Hapa nchini somo lipo tele kwenye stashahada na shahada za kwanza za uhasibu, ununuzi na masoko. Kwenye uzamili limegawiwa majirani. Mawasiliano ya umma utayapata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kwenye Shule ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) Mwanza, na Chuo Kikuu Huria ambacho kina vituo Mbeya na Iringa, huhitaji kuhama. MBA ipo Mzumbe, kampasi ya hapohapo Mbeya. Huku kwetu Chuo Kikuu cha Iringa kimejijengea jina kwenye uandishi wa habari tangu enzi kikiitwa Tumaini. Kabla hujalipa fomu popote, fungua tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) uone programu iliyoidhinishwa mwaka huo, maana programu za uzamili zinaanzishwa na kufungwa kimyakimya.

GPA yako ni daraja la pili la chini, na daraja hilo linaanzia 2.7. Mlango upo wazi. Wenye daraja la mwisho, la pasi, ndio huzungukia stashahada ya uzamili kwanza.

Sasa swali langu, ambalo ungekuja ofisini ningekuuliza kabla hujakaa: tasnifu yako, yaani ule utafiti wa kuhitimu, itahusu nini? Nijibu hilo, halafu tutajua chuo.

Songwe_Transiti

Niongelee hivyo vya mtandaoni, maana nimeona watu wakichoma hela.

Marekani, jimbo la Colorado, kulikuwa na Jones International University. Mwaka 1999 kilipata ithibati kikiwa chuo cha kwanza nchini humo kufundisha kila kitu mtandaoni, na masta ya mawasiliano ya biashara ilikuwa miongoni mwa programu zake. Hakikuwa chuo cha mfukoni, kilikuwa na karatasi zote. Mwaka 2015 kikatangaza kufunga milango. Chuo kikifa cheti chako hakifi, ila fikiria uko Vwawa, mwajiri anataka transkripti itumwe moja kwa moja kutoka chuoni, na chuo hakipo. Unaanza kufukuzana na barua pepe za watu waliokabidhiwa makabrasha.

Kwa hiyo kabla ya kulipa senti, angalia nani kakipa ithibati katika nchi yake, na huyo mtoa ithibati mwenyewe anatambuliwa na nani. Kuna wengine wanapeana ithibati wenyewe kwa wenyewe. Halafu waulize TCU mapema kama tuzo ya chuo hicho kwa njia ya mtandao inatambulika. Ukimaliza nje ni lazima uipeleke TCU ikatambuliwe ndipo ikufae kwa waajiri wengi wa hapa. Kuuliza kabla ni bure, kuuliza baada ni kilio.

Mtumishi_Njombe

Dada yupo sekta binafsi, ana bahati. Kwetu utumishini hesabu ni nyingine na naiandika kwa faida ya wanaosoma kimya.

Usikimbilie masta ukidhani mshahara utapanda siku ya mahafali. Soma kwanza muundo wa utumishi wa kada yako. Kama wewe ni mwalimu na unataka kuwa ofisa habari au ofisa uhusiano, shahada ya uzamili peke yake haikuhamishi. Unaomba kubadilishiwa kada, nafasi iwepo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), na mwajiri aridhie. Ofisini kwetu kuna mtu alisoma kimyakimya jioni bila barua ya ruhusa. Alipopeleka cheti akaulizwa, "Nani alikutuma?" Cheti kipo kwenye faili, mambo mengine yanaendelea.

Omba ruhusa kwa maandishi, uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, ndipo ulipe ada.

Soweto_MBA

Naunga mkono mume wa mleta mada. MBA ndiyo karatasi ambayo bosi yeyote haulizi "hii ni nini?" Ukiomba umeneja wa kanda, wenye masta za majina marefu wanaanza kujieleza na wewe unaulizwa unaanza lini.

Na mawasiliano nimesoma humohumo. Kozi moja, ndiyo, lakini kila ninachofanya leo ni kozi ile.

Mnyalukolo_Asilia

Sasa mkuu, kama kila unachofanya ni kozi ile moja, zile nyingine ulizilipia za nini?

Soweto_MBA

Hahaha. Umenikamata.

Nijibu kiungwana. Zile nyingine zinanisaidia kusoma mizania, nikijua mhasibu anaponidanganya. Mtu wa mawasiliano asiyejua kusoma hesabu za kampuni anaishia kupamba maneno ya watu wengine. Dada azingatie hilo: popote atakaposoma, achukue walau kozi moja ya fedha hata kama ni ya hiari.

Tahadhari moja. Darasa huisha kwa wakati, mateso yapo kwenye tasnifu. Chuo nilichosoma sikitaji, ila msimamizi wangu alikuwa akikaa na sura moja ya tasnifu msimu mzima wa mahindi, kuanzia kupanda hadi kuvuna. Ukivuka muda unalipia mwaka wa nyongeza. Chagueni msimamizi kabla ya kuchagua mada, ulizeni waliotangulia.

Loleza_Binti

Nawashukuru sana. Hilo la ithibati limenisimamisha, kuna chuo nilishaanza kujaza fomu yao. Nimesitisha.

Mwalimu, kuhusu tasnifu. Msimu uliopita kuna watu walifungasha mbegu feki kwenye mifuko inayofanana na ya kampuni yetu. Wakulima wa Mbozi wakapanda, haikuota vizuri, wakaja juu. Ofisi ikakaa kimya wakati wanasheria wanajadiliana, halafu likatoka tangazo la Kiingereza lenye muhuri kwenye ukurasa wetu wa mtandao. Mimi ndiye niliyekaa na simu. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi sitaki tangazo, nataka kujua nipande tena au niache." Nilikosa la kumwambia kwa sababu sikuwa nimeruhusiwa kusema lolote.

Nataka kujua kampuni inapaswa kusema nini siku kama ile, na kwa lugha ipi, kupitia kwa nani. Hiyo ni tasnifu au ni hasira?

Mwl_Gangilonga

Ni vyote viwili, na tasnifu nzuri nyingi zilianza hivyo.

Kuna Mmarekani, Timothy Coombs, ambaye nadharia yake ya mawasiliano wakati wa majanga ndiyo inayotumika sana darasani. Anasema jibu la kampuni litegemee umma unaitwisha lawama kiasi gani. Anayagawa majanga mafungu matatu: yale ambayo kampuni nayo ni mhanga, yale ya bahati mbaya, na yale ambayo ingeweza kuyazuia. Kwa Coombs, kughushiwa mifuko kunawaweka fungu la kwanza, la wahanga. Sasa kaa na yule mama wa Mbozi. Kwake yeye mfuko una nembo yenu, kaununua kwa wakala mwenye bango lenu, na nyie mlinyamaza. Kwenye hesabu yake mpo fungu la tatu. Pengo kati ya mahali kampuni inapojiweka na mahali mkulima anapoiweka, hapo ndipo tasnifu yako ilipo. Tena Coombs anasisitiza kitu ambacho ofisi yenu ilikiruka: kwanza waambie watu wafanye nini wasizidi kuumia, kisha onyesha kujali, sifa ya kampuni inafuata baadaye. Swali la yule mama lilikuwa ni nadharia nzima kwa sentensi moja.

Utakutana pia na James Grunig na Todd Hunt, 1984, na mifano yao minne ya uhusiano wa umma: kupiga debe, kutoa taarifa, mazungumzo ya pande mbili yasiyo na usawa, na yale yenye usawa. Makampuni yetu mengi huku yanapiga debe wakati wa kuuza na kutoa taarifa wakati wa matatizo. Kusikiliza hakupo kwenye bajeti.

Na msimamizi atakutajia Hofstede, Mholanzi aliyepima tamaduni za mataifa, na "umbali wa madaraka" wake, yaani walio chini wanavyoukubali ukubwa wa walio juu. Hapo naomba uwe mkaidi kidogo. Takwimu zake za msingi alizipata kwa wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, kati ya 1967 na 1973, na Tanzania ikafungwa kwenye kifurushi kimoja kilichoitwa Afrika Mashariki pamoja na Kenya, Ethiopia na Zambia. Mtu akitumia alama hizo kueleza kwa nini mkulima wa Mbozi hamuulizi wakala swali, mwambie aende Mbozi. Anaulizwa sana huyo wakala! Haulizwi kwa barua pepe, ndiyo tofauti.

Kakao_Kyela

Nimesoma uzi mzima, nimefurahi, na nimeudhika kidogo. Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, sina masta wala mpango nayo.

Wasomi mkija huku mnatafuta "vikwazo vya mawasiliano" na kila mara kikwazo ni mkulima: hajasoma, hana simujanja, haelewi Kiingereza. Kakao huku inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, anapewa stakabadhi, mnada unafanyika, pesa inaingia benki. Mfumo mzuri au mbaya, tuache. Ninachotaka kusema ni kwamba maswali yanayokuja dirishani kwangu ni hesabu tupu: bei iliyotangazwa mnadani ni hii, iliyoingia kwenye simu ni hii, kilichokatwa hapo katikati ni nini na kimekwenda kwa nani? Bibi ambaye hajaenda shule anaweza kukaa na wewe akakokotoa makato yote kichwani, mradi umtajie. Tatizo ujumbe wa simu unakuja na jumla tu, na karatasi ya mchanganuo inabandikwa ofisini kwa maandishi ya sisimizi.

Uvumi wote ninaousikia sokoni unazaliwa kwenye lile pengo la makato. Siku tulipochukua ubao, tukaandika kila kato kwa chaki, mstari kwa mstari, nje, watu walipiga picha wakatumiana. Kelele zilipungua. Hatukumwita mshauri.

Kwa hiyo dada Loleza, ukija kutafiti, anza kumtafiti yule aliyeandika tangazo. Mkulima baadaye.

Mwanjelwa_Fundi

Huyu karani apewe hiyo masta sasa hivi.

Bonde_la_Usangu

@Kakao_Kyela umenena. Niongeze la lugha. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, lakini mkataba wangu wa mkopo wa matrekta mwaka jana ulikuja kwa Kiingereza, kurasa na kurasa, na ofisa wa benki aliyenisainisha alikuwa anatafsiri kwa kubahatisha huku anaangalia saa. Nani anasomesha watu kuandika mkataba wa biashara kwa Kiswahili ambacho mkulima wa mpunga anakielewa na hakimu anakikubali? Hiyo ndiyo masta ninayoitaka.

Mwl_Gangilonga

Swali lako linauma, kwa sababu darasani tunafundisha kwa Kiingereza mawasiliano ambayo mwanafunzi ataenda kuyafanya kwa Kiswahili. Mifano yetu ya barua imetoka kwenye vitabu vya watu wanaoandikiana bila kujuliana hali. Mtu akitaka kumdai wakala wa Ilembo hafungui kwa deni, anafungua kwa salamu na msiba wa juzi, deni linakuja aya ya tatu, na wakala anaelewa vizuri sana kuwa ndilo lililomleta. Ukimpelekea ile ya kitabuni, deni mstari wa kwanza, umemvunjia heshima, na pesa huioni. Hilo halijaandikwa vya kutosha. Loleza mwenye isimu yake analiona kuliko mimi mwenye somo langu la biashara.

Mambo ya vitendo sasa, maana naona uzi unanenepa. Tasnifu utaiandika kwa Kiingereza, mahojiano utafanya kwa Kiswahili na kwa Kinyiha ukiwa Mbozi. Dodoso litafsiriwe na mtu mmoja, mwingine alirudishe kwenye Kiingereza bila kuona la kwanza, kisha mlinganishe. Chuo kitakupa barua ya utambulisho kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye atakuandikia kwenda wilayani, wilaya iandike kwenda kata. Anza mapema, barua hizo zinatembea kwa miguu. Na kwa kuwa unatafiti kampuni inayokulipa, pata ruhusa ya maandishi ya kutumia taarifa zao, ueleze na majina yatafichwaje. Bosi anayekupa ruhusa kwa mdomo leo ndiye atakayeikana tasnifu ikifika maktaba.

Chuo: kwa mada hii ningekwenda Chuo Kikuu Huria kwenye mawasiliano ya umma, nikapigania tasnifu iwe ya mawasiliano ya kampuni. MBA siikatai. Ila mle utalazimishwa kupima mauzo yalishuka kiasi gani baada ya mbegu feki, na swali la yule mama litabaki kwenye kiambatisho.

Soweto_MBA

Napinga kiasi. Ukipima mauzo ndipo bosi anakusikiliza. Mpe bosi maneno ya yule mama peke yake, atasema pole na kuendelea na chai. Mpe maneno ya mama na mifuko iliyorudi ghalani, ataitisha kikao. Afanye vyote, tasnifu ya mseto.

Mwl_Gangilonga

Nakubali, ilimradi msimamizi asimfanye mama awe mapambo ya jedwali.

Mufindi_Chai

Hamjagusa ufadhili. Chevening ya Uingereza inalipia masta ya mwaka mmoja, ada, nauli na kujikimu. Wanataka saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi, na ukimaliza urudi nyumbani ukae miaka miwili. Dirisha hufunguliwa kuanzia Agosti. Kule programu za mawasiliano ya kampuni zipo nyingi, na insha wanazoomba ni mtihani wa mawasiliano tayari.

Wanaolipa wenyewe: muulizeni mhasibu wa chuo jumla yote, si ada ya masomo peke yake. Kuna usajili, mitihani, kitambulisho, ukaguzi wa Turnitin (programu ya kunasa kazi iliyonakiliwa), kuchapa na kujalidi nakala, joho. Ombeni mchanganuo ulioandikwa. Kama alivyosema karani, makato yatajwe mstari kwa mstari.

Loleza_Binti

Nimeelewa mengi. Nitaomba Chuo Kikuu Huria dirisha linalofuata, na insha za Chevening nitajaribu pia, mume ameshakubali kubaki na watoto ingawa amekubali kwa sauti ya chini.

Soweto_MBA, kozi ya fedha nimeiweka. Mwalimu, barua ya ruhusa naiandika wiki hii, kwa Kiswahili, salamu kwanza.

@Kakao_Kyela kaka, nataka kulinganisha Mbozi na Kyela: tangazo la kampuni kwa upande mmoja, ubao wenu wa chaki kwa upande mwingine. Naweza kuja siku ya mnada?

Kakao_Kyela

Karibu, ila si siku ya mnada. Siku hiyo kila mtu anatazama simu yake, atakujibu ili umwache. Njoo siku ya mkutano wa wanachama, kaa nyuma, na usije masika, barabara za huku zinajaa maji. Kinasa sauti kiache kwenye begi mpaka mwenyekiti akutambulishe. Na ukipewa nafasi ya kusema, sema kwanza umelipwa na nani. Watauliza hilo kabla hujamaliza jina lako.